Unanunua Dakika, Hununui Mtungi

Vibao vya bei kwenye vituo vya mbizi vya kaskazini mwa Unguja, kuanzia Kendwa na Nungwi hadi Matemwe, vinafanana sana. Mitungi miwili kisiwani Mnemba, vifaa vyote, maji na matunda, halafu dola kadhaa. Safari ya asubuhi yenye mbizi mbili huwa kati ya dola 100 na 150 hivi, na mtu anayezunguka ufukweni akilinganisha, mwisho wake huamua kwa tofauti ya dola 20 au 30. Hakuna kibao kinachoandika utakaa chini ya maji dakika ngapi. Nami nashikilia kwamba hizo dakika ndizo unazokwenda kununua. Boti ni usafiri, mtungi ni chombo, matunda ni ukarimu. Ulichokifuata ni muda wa kutulia mbele ya matumbawe, kumtazama kasa mpaka akuzoee, kuchungulia pango alimojificha pweza.

Lalamiko linalosikika sana kutoka kwa watu waliorudi si uchache wa samaki. Ni kuharakishwa. Walivalishwa jaketi boti ikiwa bado inayumba, wakaambiwa rukeni, rukeni. Masikio yao hayajafunguka, kiongozi ameshatangulia chini. Hawajajua hata wako wapi, mara anawaonyesha kidole gumba, juu! Wakapewa kipande cha nanasi, wakavalishwa tena. Kila kilichoandikwa kwenye kibao walikipata, na bado wamepunjwa.

Upunjaji huo unaweza kuuona siku moja kabla, fedha zako zikiwa bado mfukoni. Uliza saa ya kuondoka na saa ya kurudi, kisha kaa upige hesabu.

Tuseme boti inaondoka Nungwi saa 2:00 asubuhi na kurudi saa 6:30 mchana. Hizo ni dakika 270. Kwenda Mnemba kwa boti ya mashine mbili ni kama dakika 45, na kurudi vivyo hivyo, kwa hiyo zinabaki 180. Maelezo ya kiongozi, kuvaa na kukaguana vifaa, weka dakika 20 kwa kila mbizi, zinabaki 140. Kati ya mbizi ya kwanza na ya pili mwili unatakiwa upumzike juu, na saa nzima ndiyo desturi ya vituo makini, kwa sababu naitrojeni iliyojipenyeza mwilini kule chini hutoka polepole kwa kadiri yake, wala haimsikilizi nahodha. Zinabaki 80. Kundi zima kuingia majini na baadaye kupanda botini, dakika 10 kwa kila mbizi. Zimebaki 60, yaani nusu saa kwa kila mbizi, na hapo hatujahesabu aliyechelewa kuchukuliwa hotelini wala mkanda wa miwani uliokatika.

Kwa hiyo kituo kinachokuahidi mbizi mbili za dakika 50 na kukurudisha saa 6:30 kimeahidi muda ambao hakipo. Lazima patakatwa mahali, na panapokatwa mara nyingi ni kwenye mapumziko au kwenye maelezo, kwa kuwa mgeni hajui kwamba hivyo navyo alivilipia. Boti ile ile ikirudi saa 8:00 mchana ina dakika 360. Mambo yote yakibaki kama yalivyo, unapata mbizi mbili za dakika 50 na bado inabaki karibu saa moja ya akiba, ya kumsubiri mwenye masikio mazito au kuhamia mwamba mwingine ambao haujajaa watu. Mnemba hujaa kwelikweli. Asubuhi za msimu boti za mbizi, boti za waogeleaji wa miwani na bomba, na zinazofuata pomboo hukutana pale pale.

Sasa tuiingize fedha. Chukua mfano wa ofa mbili. Ya kwanza dola 95, kundi la watu wanane kwa kiongozi mmoja, kurudi saa 6:30. Ukiuliza vizuri unaambiwa kwamba ada ya hifadhi na gari la kukutoa hotelini havimo. Tuseme vinaongeza dola 20. Umefika 115 kwa dakika 60 za chini ya maji, karibu dola 1.90 kwa dakika. Ya pili dola 130, kila kitu ndani, watu wanne kwa kiongozi, kurudi saa 8:00. Hata tukisema mbizi ya pili itakuwa fupi kidogo, zote mbili zikafika dakika 95, unalipa kama dola 1.40 kwa dakika. Ofa iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Hesabu hii haihitaji cheti cha mbizi. Inataka maswali mawili kwenye simu na karatasi ya kuandikia, na wewe weka tarakimu za vituo unavyovifikiria badala ya hizi zangu.

Muda wa chini hukatwa na hewa pia, na hapa haraka huanzia nchi kavu, kwenye kompresa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bari 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika akiwa juu, akishuka mita 18 atatumia lita 56, kwa kuwa pale shinikizo ni mara 2.8 ya lile la ufukweni. Ukiacha bari 50 za akiba, ana lita 1,800, sawa na dakika 32 hivi. Mwenye woga au anayeogelea kwa pupa hutumia zaidi, na aliyetulia hutumia kidogo kuliko hapo. Sasa mtungi ukijazwa mbiombio hupata joto. Geji inasoma 200, mtungi unapoa usiku, asubuhi unakuta 180. Bari 20 hizo ni lita 240, yaani zaidi ya dakika nne za mita 18 ambazo umelipia na hukupewa. Soma geji yako kabla boti haijaondoka. Ukikuta 170, omba mtungi mwingine kwa upole, na ufanye hivyo mkiwa bado gatini, kwa sababu mkishafika kwenye mwamba hakuna wa kubadilisha.

Halafu kuna suala la kundi. Viongozi wengi hupandisha kundi zima pale wa kwanza anapofikia kiwango cha hewa kilichokubaliwa, kwa kuwa hawawezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Ukiwa umechanganywa na watu saba usiowajua, mwenye pumzi kubwa kuliko wote ndiye anayepanga dakika zenu. Si kosa lake. Kosa ni la aliyewapanga mwalimu wa miaka mingi na mtu wa mbizi ya tano kwenye kamba moja ili kuokoa mshahara wa kiongozi wa pili. Kwa hiyo idadi ya watu kwa kiongozi ni sehemu ya bei. Kama kituo kina viongozi wawili na kinagawa watu kwa uzoefu, dola 15 za ziada zinalipa.

Hata hivyo, sitaki kuonekana kama nawasingizia watu wa boti. Kuna haraka ya bahari, na hiyo mtu wa pwani anaijua tangu utotoni. Siku za bamvua maji yetu hupwa na kujaa kwa tofauti ya karibu mita 4. Matemwe, nahodha akichelewa kutoka, maji yanaondoka, boti inakaa juu ya mchanga, na wateja wanatembea mwendo mrefu na mitungi mgongoni. Mlango wa Kinasi kule Mafia, kama milango ya Pemba, hupigwa mbizi kwa kufuata saa ya maji. Ukiukosa wakati wake unakutana na mkondo unaokutoa nje kwenye kina kirefu. Kiongozi anayekwambia tukishafika pale tunaruka pamoja na kushuka moja kwa moja, kwa sababu mkondo utatutawanya, anakulinda. Tofauti yake na yule anayekuharakisha bure ni kwamba yeye amekueleza ukiwa umekaa, na vifaa vyako ameshavikagua. Haraka ya bahari hujulikana tangu jana yake, imo kwenye jedwali la maji. Ukiambiwa tunaondoka saa 12:30 kwa sababu ya maji, ondoka saa 12:30. Na kama una uhuru wa kuchagua tarehe, chagua siku za maji mafu, mikondo inapolegea na nahodha hana cha kukimbizana nacho.

Haraka ya biashara ina sura nyingine. Boti hiyo hiyo mara nyingi imeshauziwa watu wa alasiri, na petroli ndiyo gharama inayomnyima mwenye boti usingizi. Wanaobeba mzigo wa ratiba hiyo ni vijana wa Nungwi na Matemwe waliopo botini. Wao ndio wanaolaumiwa na mgeni kwa kuchelewa na kulaumiwa na ofisi kwa kurudi nyuma ya saa. Ukishusha bei kwa ukali ufukweni, hasa ukipitia mapapasi, madalali wa watalii, ambao nao wana asilimia yao, kinachopungua ni kile kinachobaki kwa ajili ya mafuta na mtu wa pili wa kukuangalia. Kwa upande wangu, kama kuna dola 10 za kubishania, naona heri niziache kwa kituo ili nidai muda. Jaribu kusema hivi: bei yako sina neno nayo, lakini niambie tutapumzika muda gani kati ya mbizi mbili. Utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Anayeumizwa zaidi na haraka ni mwanafunzi. Kwa uwiano, shinikizo hukua zaidi kwenye mita za mwanzo: kutoka juu hadi mita 10 linakuwa maradufu, wakati kutoka mita 20 hadi 30 linaongezeka kwa theluthi tu. Ndiyo maana masikio huuma karibu na uso wa maji, pale pale ambapo kiongozi mwenye haraka ameshapita na kupotea chini. Asiyesubiriwa hujilazimisha. Ngoma ya sikio ikijeruhiwa, likizo yote ya mbizi imekwisha, na kuna gharama ya daktari wa masikio ambayo haikuwamo kwenye kibao chochote. Wewe ambaye hujawahi kupiga mbizi, ukitaka kujaribu kwa siku moja, lipia kiongozi wa watu wawili tu, hata kama ni ghali zaidi. Sehemu hii ya bajeti usiipunguze.

Kozi ya cheti cha kwanza, iwe ya PADI au SSI, inakuruhusu kushuka hadi mita 18, na kwa Unguja bei nyingi ziko kati ya dola 400 na 600. Huuzwa kwa siku tatu au nne. Siku tatu si dhambi kwa mtu anayeogelea vizuri aliyekwisha kusoma nadharia nyumbani kwake Dar au Nairobi kwa njia ya mtandao, na kusoma nyumbani kunakuokolea karibu siku nzima ya hoteli. Lakini uliza mwalimu ana wanafunzi wangapi. Wakiwa wanane, na kila mmoja anatakiwa kupiga magoti mchangani aondoe maji kwenye miwani, kila mtu akichukua dakika tatu tu, wa mwisho amekaa zaidi ya dakika 20 akipumua hewa yake bure. Wanafunzi wanne kwa mwalimu, siku nne, dola 60 zaidi: ningemshauri mdogo wangu achague hiyo bila kusita. Na kabla ya kulipa, uliza kama siku ya nyongeza ina malipo endapo zoezi moja litakushinda. Kituo kinachosema utarudia bila malipo hakina sababu ya kukupitisha kwa nguvu.

Kuna haraka nyingine ambayo wenye boti hawahusiki nayo, ni ya mteja mwenyewe na tiketi yake. Mwongozo wa DAN, taasisi ya usalama wa wapiga mbizi, ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa ndege baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa za mbizi, ili naitrojeni ile ipate kutoka. Wengi wanalijua hilo kuhusu ndege na wanasahau milima. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Mtu aliyepiga mbizi Diani asubuhi, akapanda treni ya SGR alasiri, anafika usiku mahali ambapo hewa ni nyepesi karibu sawa na ndani ya ndege. Vivyo hivyo anayetoka Tanga akapanda Lushoto, au anayeelekea Arusha. Wa Dar ana nafuu: boti ya Unguja inamvusha usawa wa bahari hadi nyumbani. Kwa hiyo katika kulinganisha gharama, wa Nairobi aongeze usiku mmoja wa kulala pwani. Hata hizo ndege ndogo za Mafia zihesabu. Asiyeuweka usiku huo kwenye bajeti ataishia kuwabembeleza watu wa kituo wamharakishe.

Mahali nako ni uamuzi wa fedha. Unayelala Mji Mkongwe huna haja ya kuvuka kisiwa kwenda Mnemba. Miamba ya Bawe, Pange na Murogo iko jirani, na dakika ambazo zingeishia kwenye gari na mawimbi unazitumia majini. Mnemba kuna jina. Kwa mtu wa mbizi chache, mwamba wa karibu usio na msongamano unampa mafunzo zaidi kwa fedha ndogo. Watamu na Diani kule Kenya nazo zina sifa ya miamba iliyo karibu na ufukwe, na Watamu ni hifadhi tangu 1968, kwa hiyo ongeza ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwenye hesabu. Mafia ni ghali kufika, na Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995, inatoza kwa siku. Ila ndani ya Ghuba ya Chole maji ndiyo yanayoandika ratiba, na msongamano wa boti kama wa Mnemba huukuti. Ukiwa na siku nne au tano, gharama ya ndege ikigawanywa kwa dakika zote za mbizi inashuka kuliko unavyotarajia. Kwa siku mbili, haina maana. Na kokote uendako, mkaazi aulize bei ya wakaazi. Vituo kadhaa vinayo, hata kama havijaiandika.

Nimeacha kwa makusudi mpaka hapa jambo zito kuliko yote, kwa sababu halilinganishwi kwa dola. Tarehe 25 Januari 1998, boti ya mbizi iliondoka kwenye mwamba wa St Crispin, Great Barrier Reef, Australia, ikamwacha majini Tom Lonergan na mkewe Eileen, Wamarekani. Waliohesabu walikosea. Ilichukua siku mbili kabla ya mtu kugundua kwamba hawakurudi, na hawakuonekana tena. Mwaka 2004, kule California, Dan Carlock aliibuka mbali na boti yake kwenye ukungu. Orodha ikawekwa alama kwamba yumo, boti ikahamia eneo la pili la mbizi. Yeye aliokolewa baada ya saa kadhaa, na mwaka 2010 baraza la mahakama likaamua alipwe zaidi ya dola milioni 1.6. Kesi zote mbili ni za kuhesabu watu bila uangalifu. Boti inayostahili fedha zako huita majina, na kila mtu hujiitikia mwenyewe akiwa ameketi ndani, kabla mashine haijawashwa. Kiongozi akihesabu vichwa kwa kidole huku nanga inavutwa, mwombe aite majina. Uliza pia kama boti ina oksijeni na redio, na chemba ya kutibu maradhi ya mgandamizo iliyo karibu ni ipi na kama inafanya kazi mwezi huu. Hayo yajibiwe papo hapo, mtu asiende kuuliza ofisini.

Mimi ningetuma ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa vituo vitatu, maneno yale yale: mnaondoka na kurudi saa ngapi, watu wangapi kwa kiongozi mmoja, mtungi wa lita ngapi na bari ngapi, mapumziko ya muda gani, na bei yenye ada zote ndani. Kisha ongeza moja ambalo watu huona haya kuliuliza: nikisema sipigi mbizi ya pili, kwa uchovu au masikio, mnanirudishia kiasi gani? Vituo vingine hutoza mbizi moja pekee, vingine havirudishi kitu. Utakapokuwa botini, baridi imekuingia na unaambiwa vaa haraka, dola 50 ulizokwisha kulipa zina nguvu ya kukusukuma majini kuliko sauti ya nahodha. Jibu la swali hilo liandikwe kwenye risiti kabla hujatoa fedha.